Mkuu wa Makofi

Jumatatu, 1 Septemba

Leo nimegundua siri. Kila Jumanne na Alhamisi, saa saba mchana, Mshonaji anafunika cherehani yake, anafunga duka, anapotea. Nilidhani anakwenda kula. Kumbe anakwenda kanisani! Wala si kusali. Anakwenda kusikiliza muziki. Tangazo liko mlangoni, nimelisoma mwenyewe, herufi moja moja: Muziki wa mchana, hakuna kiingilio, wote karibuni. Bure! Mimi nazurura mji huu kutwa kucha, na kitu cha bure kimenipita mbele ya pua! Aibu yangu.

Nimemwambia Dada yangu, ambaye nakaa kwake, kwamba kesho nakwenda kanisani. Akaweka sufuria chini. Akaniuliza nani amekufa.

Hajafa mtu. Ni mimi tu ninayekufa, tena taratibu, kwa ajili ya Mshonaji. Mwanamke ana shingo ndefu, ana kicheko cha ghafla, na anakata kitambaa bila kuchora. Tangu mwaka jana nampelekea suruali zangu kupunguzwa. Zimepunguzwa mpaka zingine zimekuwa kaptula. Anaitazama suruali, mwenye suruali hamwoni.

Kikwazo ni Fundi Saa. Ana meza yake hapo barazani kwa Mshonaji, na siku za muziki naye anafunika saa zake anamfuata. Mtu hasemi yule. Ukimsalimia leo anaitikia kesho. Mimi namwita Kobe. Na Kobe, nasikia, anakaa naye benchi moja!

Kesho kitaeleweka.

Jumanne, 2 Septemba

Hakikueleweka.

Nilivaa shati la kola. Ubao wangu wa soksi na hankachifu, ambao ndio ofisi yangu, niliuegemeza nje ukutani, kwa sababu Mzee wa Funguo, mtunza kanisa, amesema soksi hazina shughuli ndani. Benchi gumu kama roho ya mwenye nyumba. Mbele kabisa Mpiga Kinanda, mwalimu mstaafu, kipara kinang'aa. Mshonaji benchi la tatu, Kobe ubavuni kwake. Mimi nyuma yao, karibu, nasikia harufu ya sabuni.

Muziki ukaanza. Mtamu, jamani! Unapanda, unashuka, unazunguka kama mtu anayetafuta kiatu cha pili. Halafu ukanyamaza. Nikasema moyoni, Bwana Mipango, hapa hapa! (Bwana Mipango ni mimi. Mji mzima unaniita hivyo, nadhani kwa heshima.) Nikasimama. Nikapiga makofi. Nikatia na mluzi, ule wa vidole.

Peke yangu!

Kumbe haujaisha. Kumbe muziki wa namna hii una vipande, na kati ya kipande na kipande unavuta pumzi, na mimi ndiye nimeukaba shingo. Mpiga Kinanda aligeuka mikono ikiwa hewani, kama mtu aliyeitwa akiwa bafuni. Mzee wa Funguo akatikisa funguo zake. Mshonaji akageuka polepole, akanitazama vile anavyotazama pindo lililokwenda upande.

Lakini amenitazama! Mwaka mzima wa suruali sikulipata hilo.

Jumatano, 3 Septemba

Dada kayasikia sokoni. Kacheka mpaka kashika ukuta. Kaniambia, mdogo wangu, wewe hata msibani ungepiga mluzi.

Acha acheke. Mimi nimefikiri. Kutwa nzima sikuuza hata soksi, nafikiri tu. Jana muziki ulipoisha kweli kweli, nini kilitokea? Kimya! Kimya kirefu. Muuza mboga akamtazama kinyozi, kinyozi akatazama dari. Mzee wa Funguo akabamiza mlango wa pembeni, watu wakadhani ni kofi, ndipo wakapiga. Hakuna anayejua pale! Wote wanakunja nyuso kama wasomi, kumbe wote wanapapasa gizani.

Sasa je, akitokea mmoja anayejua? Mmoja tu, mwenye kofia, mcheshi, asiye na mke?

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekipata! Nimekipata!

Leo muziki sikuusikiliza hata chembe, nilikuwa kazini. Nilimkazia macho Mpiga Kinanda kama paka kwenye tundu la panya. Kwenye vile vituo vya katikati anageuza karatasi, anakohoa, anavuta kiti. Hayo ni bure. Lakini mwisho wa wimbo, kabla hajainuka, anatoa hankachifu mfukoni anafuta kipara. Kila wimbo! Hankachifu ikitoka, muziki umekwisha.

Wimbo wa mwisho. Hankachifu imechungulia tu mfukoni, mimi huyo nimesimama, paa! paa! paa! Kanisa zima likanifuata kama kuku waliomwagiwa mtama. Mpiga Kinanda akainama. Mshonaji akageuka, safari hii haraka.

Nje akaniuliza nilijuaje. Swali la kwanza kutoka kwake lisilohusu kiuno changu! Nikamwambia, dada, muziki uko kwenye damu, ukoo wetu wote ndivyo tulivyo, babu alikuwa na sikio si la kawaida.

Jioni nikamsimulia Dada. Akasema ni kweli kabisa, sikio la babu halikuwa la kawaida, lilikuwa halisikii hata ng'ombe akilia dirishani.

Jumanne, 9 Septemba

Mimi ni mtu mzito sasa. Nimepewa benchi la mbele. Nimewaambia watu wazi: msihangaike, nitazameni mimi, nikiinua kofia pigeni. Na wanapiga! Hankachifu inatoka, kofia inapanda, kanisa linavuma. Wananiita Mkuu wa Makofi. Kinyozi kaninyoa bure na kanipaka mafuta nyuma ya sikio. Muuza mboga, mama anayehesabu mpaka majani ya kitunguu, kaniongezea nyanya bila kuombwa.

Kobe naye anapiga, ila anachelewa, anapiga kama mtu aliyeshtuliwa. Hana sikio, masikini.

Sasa lililo kubwa. Mshonaji kaniachia nimbebee kikapu mpaka mlangoni kwake. Njiani kaniambia Shangazi yake aliyemlea anakuja wiki ijayo, atakaa siku kadhaa, na Jumanne atamleta kwenye muziki. Huyo Shangazi ndiye mwenye mamlaka ya birika pale nyumbani. Wanaume kadhaa wamewahi kwenda kunywa chai. Hakuna aliyemiminiwa kikombe cha pili. Akasema Shangazi akiona wewe ni mtu mtulivu, huenda Jumamosi ukaitwa.

Mtulivu! Nikamwambia hata maji ya mtungini hayanifikii.

Alicheka, kile kicheko cha ghafla. Nimekuja nacho mpaka nyumbani.

Alhamisi, 11 Septemba

Siri imevuja. Nilimwambia kinyozi peke yake habari ya hankachifu, na kinyozi akawaambia wateja wake peke yao. Sasa kila mtu anaangalia hankachifu mwenyewe, kofia yangu wanaitazama kwa heshima tu. Ubaya wenyewe ni kwamba hankachifu ya Mpiga Kinanda ni ya kijivu, imefuliwa mpaka imechoka, na koti lake la kijivu. Wa mbele wanaiona, wa nyuma hawaioni. Makofi leo yametoka vipande vipande, kama mvua isiyo na nia.

Shangazi hawezi kuletewa makofi ya namna hiyo.

Nimepata dawa. Kwenye ubao wangu ninayo hankachifu moja kubwa, nyekundu kama pilipili, haijawahi kupata mnunuzi. Nitamzawadia. Hiyo itaonekana mpaka mlangoni! Makofi yatatoka kama kofi la mtu mmoja, na Shangazi atauliza ni nani aliyeupanga mji huu vizuri hivi.

Dada kaniuliza kwa nini nisikae tu nisikilize kama watu wengine. Watu wengine hawana mipango.

Jumanne, 16 Septemba

Siwezi kuandika.

Naandika.

Kabla ya muziki nilimpa Mpiga Kinanda hankachifu nyekundu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akaniambia, sauti ikitokea puani, kwamba nimemwokoa, maana ameamka na mafua makali na ile ya kwake haitoshi. Nikampa pole. Nikaenda kukaa. Hapo ndipo mtu mwenye akili angefikiri kidogo. Mimi nilikuwa nanyoosha kola.

Shangazi alikuwa ameshafika. Mwanamke mpana, mkoba mapajani, macho ya mtu anayechambua mchele. Benchi la tatu, kati ya Mshonaji na Kobe. Kanisa limejaa, watu wamesimama mpaka mlangoni.

Ukaanza wimbo wa huzuni, taratibu, kama mtu anayeaga wazazi. Ukafika mahali laini kabisa, hata nzi angesikika. Mkono wa kulia wa Mpiga Kinanda ukaacha kinanda. Ukaingia mfukoni. Nyekundu!

Kanisa likalipuka.

Mzee wa watu akashtuka. Akainamisha kichwa kwa adabu, akaendelea kwa mkono wa kushoto. Akapiga chafya. Hankachifu! Makofi! Akarudia toka mwanzo. Pua ikamtekenya, akaifuta. Makofi! Kinyozi akaita tena! tena! Mpiga Kinanda akatazama watu, akatazama hankachifu, kama ameanza kuelewa. Akaikalia. Chafya nyingine ikaja, ikabidi aichomoe chini ya paja. Wakapiga mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka.

Nikamwona Shangazi anamwinamia Mshonaji. Nikajua lazima nizuie. Nikasimama, nikawapungia kofia waache.

Kofia! Mimi mwenyewe niliwafundisha kofia!

Wakazidisha. Nikapanda juu ya benchi, nikapunga mikono yote miwili, nikapaza sauti, basi jamani, basi! Wakainuka wote. Wa mlangoni wakatia na vigelegele.

Mzee wa Funguo alinitoa kwa kola, ile ile niliyoinyoosha. Nikipita benchi la tatu, Mshonaji kajifunika uso kwa mtandio. Shangazi anauliza, bila kupunguza sauti, kama yule kaka kaingiliwa na siafu.

Kobe alikuwa bado anapiga makofi.

Jumatano, 17 Septemba

Dada hakucheka. Hapo ndipo nilipojua maji yamezidi unga. Akaniwekea chakula, akasema, mdogo wangu, nenda kaombe radhi, na tafadhali usiuze kitu huko.

Mpiga Kinanda nilimkuta kitandani, shingo kaifunga, hankachifu nyekundu mkononi. Sikuuza kitu. Nilikuwa tu na soksi za sufu, kwa sababu mgonjwa miguu humpoa. Alichukua jozi.

Hana hasira! Kasema maisha yake yote anapiga kinanda pale hajawahi kusikia mtu anaita tena. Ila kaniuliza, kijana, kwa nini husikilizi? Wimbo ukifika mwisho wenyewe unakwambia, unasikika kama mtu aliyefika kwake akavua viatu. Nikaitikia ndiyo mwalimu, ndiyo mwalimu. Sikuambulia kitu. Homa ilikuwa kali, masikini.

Nikaenda dukani kwa Mshonaji. Alikuwa na pini mdomoni, na mimi nilimshukuru Mungu kwa zile pini, maana alichelewa kuanza. Alipozitoa ndipo nilipokiona cha moto. Akaniambia kutwa watu wanamwambia kaza hapa, legeza hapa, ya fulani ilikuwa nzuri kuliko yangu. Cherehani inapiga kelele, wateja wanapiga kelele. Saa ile ya kanisani ndiyo pekee anayopumua. Na mimi nimeigeuza kuwa mnada!

Nikauliza, mbona Kobe anakaa naye? Akanikata jicho. Akasema Fundi Saa hamsumbui mtu, ukikaa naye ni sawa na kukaa na kabati.

Nikamwambia basi hata mimi naweza kuwa kabati.

Akapima kitambaa, akakikata. Nikadhani nimeshakatwa na mimi. Ndipo akasema Shangazi bado yupo. Alhamisi nikae karibu naye, yeye Mshonaji. Nisifungue mdomo. Nisiinue kofia, wala mkono, wala nyusi. Nikiweza mpaka mwisho, Jumamosi chai. Nikishindwa, suruali zangu nitafute pa kuzipeleka.

Sijawahi kuogopa saa moja ya muziki namna hii.

Alhamisi, 18 Septemba

Leo kulikuwa na mgeni, mama mmoja mwenye fidla, kwani Mpiga Kinanda bado yuko na mafua yake. Mzee wa Funguo hakutaka kunipitisha. Mshonaji akamwambia huyu yuko na mimi. Yuko na mimi! Hata wangenitoa hapo hapo ningekuwa nimeshiba.

Nikakaa. Mshonaji kushoto, Shangazi kulia, Kobe mwishoni. Nikafunga mdomo.

Jamani, kunyamaza ni kazi ngumu! Maneno yalikuwa yanapanda mpaka kwenye meno, nayarudisha, yanapanda. Nzi akatua puani, nikamwacha afanye atakalo. Kinyozi akageuka akanikonyeza, anataka ishara. Nikatazama mbele kama sanamu. Nikasikia kitu kinakoroma kwa upole. Ni Kobe! Analala macho nusu wazi! Siku zote hizi nimekuwa nikishindana na mtu aliyelala! Nilitaka kumwambia Mshonaji, nilitaka kumwambia mtu yeyote. Nikauma ulimi.

Halafu mvua.

Ilianza juu ya bati, tone, tone, kisha mfululizo. Mlango wa pembeni uko wazi. Na pale nje, mbele ya macho yangu, ubao wangu umeegemea ukutani na mali yangu yote juu yake. Soksi nyeupe zinakuwa kahawia. Hankachifu zinabandikana. Jozi moja ikaanguka ikaanza safari na mtaro. Ningesema neno moja tu kwa Mzee wa Funguo, aliyesimama pale pale mlangoni. Moja tu!

Mshonaji aliona. Akatazama ubao, akanitazama mimi. Shangazi naye akatazama. Sikufungua mdomo. Sikuinua nyusi. Chozi moja lilitoka, lakini chozi hakulikataza.

Na nikasikiliza, sikuwa na pa kwenda. Fidla ile ilikuwa inaongea na mvua. Sikujua kama ni nzuri au ni mimi ndiye nimechoka.

Ikaisha. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono mapajani, naogopa. Mshonaji akaichukua mikono yangu, yote miwili, akaigonganisha. Paa. Paa.

Soksi zangu zinakauka nyumba nzima, mpaka juu ya kitanda cha Dada. Dada kaniuliza tu, kwa hiyo chai ipo?

Jumamosi, 20 Septemba

Chai ipo!

Niliingia kimya. Nikakaa kimya. Niliapa nitakaa kabati mpaka mwisho. Shangazi akanimiminia, nikaitikia kwa kichwa. Akaniuliza habari za nyumbani, nikainamisha kichwa kwamba ni nzuri. Akauliza kama nina dada, nikainamisha tena. Shangazi akamgeukia Mshonaji, akamuuliza kama huyu kaka anaumwa jino.

Mshonaji akasema, wewe kaka, sasa sema.

Basi Shangazi akaniuliza ninauza nini. Loo! Yote niliyoyazuia tangu Alhamisi yalitoka kama ng'ombe zizini. Nikamweleza soksi, nikamweleza sufu na pamba, nikamweleza nzi, kinyozi, Kobe anayekoroma, ile jozi iliyosafiri na mtaro na mahali ninapodhani imefika. Nikaigiza chafya. Nikasimama nikaigiza Mzee wa Funguo na funguo zake. Mshonaji alicheka mpaka akaweka kichwa mezani. Kile cha ghafla, lakini hiki hakikukatika.

Shangazi hakucheka. Alinisikiliza na macho yake ya mchele. Kisha akainua birika, akanimiminia kikombe cha pili. Akasema ni ili mdomo upate shughuli nyingine.

Kikombe cha pili! Wote mashahidi!

Mlangoni akaniambia Jumamosi ijayo nije tena, nije na Dada yangu, na maneno nusu ya haya.

Jumapili, 21 Septemba

Nimeshinda nikiwaza. Kikombe cha pili kimetoka wapi? Nani kanipa? Si kofia, si hankachifu. Kunyamaza ndiko kulikonipa! Kunyamaza ni mali! Na mji huu nani anajua kunyamaza? Hakuna. Mji mzima unabwabwaja. Kuna soko hapa, limekaa wazi, halina mwenyewe!

Nitafungua darasa. Darasa la Utulivu, kila siku ya muziki, nje ya kanisa, watu wajifunze kabla ya kuingia. Mimi ndiye mwalimu. Atakayehitimu atapata soksi, zile zilizogeuka kahawia, nitasema ni rangi ya darasa.

Tatizo ni moja tu, watu watajuaje? Nimelimaliza. Nimeazima kipaza sauti cha mikutano, kile chenye honi kubwa, kinachosikika mpaka ng'ambo ya mto. Nimekijaribu uani. Mbwa wote wa mtaa wameitikia. Dada amejifungia chumbani na anasema hanijui.

Naanza kutangaza Jumanne alfajiri. Nitaanzia chini ya dirisha la Mshonaji, ili yeye na Shangazi wawe wa kwanza kufurahi.